Kuanzia Kwenye Kifundo

Nyololo,
16 Februari 1975

Dada Tupokigwe,

Ndaga, nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama jikoni unaunguza mboga. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kifua cha Desemba kimepona. Mvua ya huku hainyeshi, inamwagika. Magogo yanashuka kutoka msituni yakiwa na matope mpaka msumeno unalia. Nisalimie shemeji Eliezeri na watoto. Mama mwambie shuka aliyonipa bado ninayo, asimsikilize mtu anayesema niliiuza.

Sasa habari yenyewe. Juma lililopita alikuja kiwandani bwana mmoja wa bima, amefunga tai lakini viatu vimejaa matope kama vyetu. Alitukusanya kwenye banda la mbao akatueleza bima ya ajali. Ni hivi: kila mwezi wanakata kidogo kwenye mshahara. Ukifa kwa ajali wanalipa fedha kamili kwa mtu uliyemwandika. Si kwa malaria wala kwa uzee, kwa ajali tu. Ukipoteza macho yote mawili au mikono yote miwili, ni fedha kamili vilevile, kana kwamba umekufa. Mkono mmoja ni nusu. Mguu mmoja nusu. Jicho moja nusu. Vidole navyo vina malipo yake madogo madogo huko chini, kwenye maandishi ya sisimizi ambayo sikufika. Sedekia, mwenzangu wa kwenye msumeno mkubwa, aliuliza kama meno yamo. Tulicheka mpaka yule bwana naye akacheka.

Nimejiandikisha. Wa kulipwa nimekuandika wewe, si Baba Mkubwa. Namheshimu, tangu baba afariki yeye ndiye baba yetu, lakini fedha ikipita mikononi mwake inageuka mradi.

La mwisho ni la aibu kidogo, kwa hiyo nalisema haraka. Mwombe huyohuyo Baba Mkubwa aende kwa Mzee Lutengano akaniposee binti yake Sekela. Sekela mwenyewe anajua. Mzee ndiye asiyejua.

Ndimi mdogo wako,
Isakwisa


Igawilo, Mbeya,
9 Machi 1975

Mdogo wangu Isakwisa,

Nimesoma nimekaa, na mboga imeungua vilevile. Sisi wazima. Mguu wa mama unamsumbua asubuhi, mchana anausahau na kwenda shamba. Viazi vimekubali mwaka huu. Eliezeri anakusalimu, anasema ukija ulete mbao za kitanda, si hadithi za mbao.

Ya Sekela nimecheka peke yangu kama mwehu. Nimemfikishia Baba Mkubwa. Alijikohoza, akanyoosha kofia, akasema ataenda baada ya mavuno. Nilimwona amefurahi. Anapenda sana shughuli ya kupelekwa mahali na kukaribishwa kiti.

Ya bima sikuipenda. Mama alitaka nimsomee barua yako, nikamsomea mpaka kwenye shuka, kisha nikaruka hadi kwa Sekela. Sitaki asikie mtoto wake amekaa na mtu wa tai wakaupangia mkono wake bei. Eliezeri ananiambia ni ujinga wangu, kwamba bima ni kama michango yetu ya msiba, tofauti ni kwamba unachanga mapema. Nimemwelewa. Lakini michango ya msiba haisemi jicho la nani nusu, mguu wa nani nusu. Tangu nisome nimekuwa nikiwaangalia wanangu mikono wanapokula. Umenipa ugonjwa, Isakwisa.

Na hayo maandishi ya sisimizi uyasome. Usiweke sahihi kwenye kitu ulichosoma nusu.

Dada yako,
Tupokigwe


Igawilo, Mbeya,
29 Juni 1975

Isakwisa,

Leo sikusalimu kwanza. Hii ni barua ya tatu. Ya Aprili ulijibu kwa mistari minne, ya Mei hukujibu. Nilisema labda kazi nyingi, labda posta.

Jana sokoni mwanamke mmoja anayeuza vitunguu, ambaye shemeji yake ni dereva wa lori, alisema kiwanda cha mbao kule Nyololo kimemla mtu mwanzoni mwa mwezi huu. Nilimuuliza mtu gani. Akasema hajui, mtu tu, walimpeleka Iringa akiwa amefungwa kanga. Niliacha kikapu changu pale pale, akanikimbilia nacho mpaka barabarani.

Baba Mkubwa ameshaenda kwa Mzee Lutengano, amepokewa vizuri. Hizo ni habari njema na ningeziandika kwa furaha siku nyingine.

Andika. Hata neno moja. Kama huwezi, mtu yeyote aandike.

Tupokigwe


Kihesa, Iringa,
13 Julai 1975

Dada yangu,

Ndaga sana. Usishtuke kuona mwandiko mgeni, nimemwomba mke wa Sedekia aniandikie kwa sababu nimejiumiza vidole kidogo kazini. Nimehamia kwao Kihesa kwa muda ili niwe karibu na hospitali. Wananitunza vizuri mno, nimeanza kuota kitambi. Baridi ya Iringa ni kali lakini haina matope. Msalimie mama, mwambie ni mafua. Mwambie Sekela nipo. Baba Mkubwa nashukuru sana kwa safari yake kwa Mzee.

Bima naifuatilia polepole. Msumeno ulikuwa na tatizo siku ile, si kosa la mtu. Basi, mengine nikipona.

Isakwisa

Wifi, mimi ninayeandika ni Yudith. Yeye amefumba macho, nami naongeza haya bila kumwambia. Si vidole kidogo. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Mkono wa kulia, vidole vitatu vya katikati havipo. Kimebaki kidole gumba na kile cha mwisho, na kiganja kimefungwa chote. Kidonda kiliingia uchafu wa mbao, kikaoza, sasa daktari anasema kinatulia. Usiku anauliza msumeno umezimwa? Nimeona si haki usijue.


Igawilo, Mbeya,
20 Julai 1975

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Yudith ameniambia. Usimgombeze. Kama ungemgombeza mtu, ungejigombeza wewe na vidole vyako kidogo.

Nimelia mpaka Eliezeri akafunga mlango watu wasidhani pana msiba. Nililia kwa hasira pia, nataka ujue. Ulilala huko wiki tano na mkono unaoza na sisi huku tunapika, tunaimba kwaya, tunagombana na mbuzi wa jirani. Nani alikupa ruhusa ya kuumia peke yako?

Mama nilimwambia mwenyewe. Aliuliza ni mkono upi. Nilipomwambia wa kulia, akatoka nje. Ningekuja kesho, lakini mguu wake umevimba na hawezi kuachwa, na Eliezeri yuko kwenye viazi peke yake. Nitakuja. Nimetuma sweta kwa kondakta, lina mkono mpana upande wa kulia, nililifumua na kulifuma upya.

Baba Mkubwa amesikia. Aliuliza habari za bima, sijui nani alimwambia. Nadhani ni mama, na mama alimsikia Eliezeri. Ana pilikapilika zake siku hizi, anakwenda Usangu, anarudi. Nitakuandikia nikijua zaidi.

Kula. Lala. Mwambie Yudith namshukuru sana.

Dada yako,
Tupokigwe


Kihesa, Iringa,
10 Agosti 1975

Dada Tupokigwe,

Ndaga. Sweta limefika, limenifaa, Sedekia ananiita askofu. Mguu wa mama uwekwe maji ya moto na chumvi. Nimefurahi kusikia viazi vimejaa gunia. Yudith ndiye anayeandika, na safari hii ameahidi haongezi kitu. Ananitazama sana lakini ameahidi.

Sasa nataka unisikilize bila kupiga kelele, ingawa uko mbali.

Watu wa bima walikuja kuniona. Nimeyasoma sasa yale maandishi ya sisimizi, nimeyasoma mpaka nimeyajua kama sala. Mkono unahesabiwa umepotea ukiwa umekatika wote kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Ukikatika chini ya hapo, si mkono, ni vidole. Na vidole vyangu vitatu malipo yake ni kama ng'ombe mmoja, labda na ndama, kama muuzaji ana huruma. Kifundo ni nusu ya fedha yote. Tofauti yake ni urefu wa kiganja kimoja, na kiganja chenyewe ndicho nilichobakiza.

Pana sharti jingine: hasara yote lazima itokee ndani ya miezi mitatu tangu siku ya ajali. Baada ya hapo, hata mkono ukidondoka wenyewe barabarani, hawalipi. Miezi mitatu inaisha tarehe saba Septemba.

Daktari ni mtu mzuri, amechoka tu. Nilimuuliza. Alisema kidonda kinapona, halazimiki kukata. Lakini alisema pia mikono ya namna hii mara nyingi inakauka, inauma wakati wa baridi, mtu anabeba kitu kisicho na kazi maisha yake yote. Ukiona hauna kazi tena, alisema, tunaweza kuuondoa kwenye kifundo na nitaandika hivyo, kwamba ulikuwa hauna kazi. Amenipa Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa. Niende au nisiende, ni juu yangu.

Kazi ya msumeno sitarudi, hilo liko wazi. Mkono wa kulia siutumii. Sedekia ananifunga vifungo, Yudith ananikatia nyama, mimi nakaa nao tu kama mzigo wa mtu mwingine. Kwa nusu ya fedha ningeanzisha maisha, ningemwoa Sekela. Nani atampa binti yake kijana wa vidole viwili asiye na kazi? Kijana wa mkono mmoja mwenye ng'ombe, huyo anafikirika.

Sijaamua. Naogopa, dada. Usiku naogopa kukata, na asubuhi naogopa kutokata.

Isakwisa


Igawilo, Mbeya,
26 Agosti 1975

Isakwisa,

Barua yako ilichelewa, imefika jana. Mama mzima. Wote wazima. Sina nafasi ya salamu.

Baba Mkubwa amepanda basi leo asubuhi kuja kwako. Hii nampa kondakta wa basi lilelile, inasafiri naye bila yeye kujua, na nimemwambia kondakta akupe wewe mkononi. Naandika nikiwa stendi, juu ya gunia la mtu.

Kuna jambo nilikuficha. Nilidhani nikikuficha utaamua kwa utulivu. Sasa naona nilikosea, maana anakuja kukuambia yeye, na atakuambia kwa namna yake.

Aliposikia mkono, alisikia pia nusu. Hakusikia kifundo. Mwezi wa saba alikwenda Usangu kwa Bujiku, yule Msukuma mwenye zizi kubwa aliyehamia kule na nduguze, akamweleza kwamba mwanawe amepoteza mkono kiwandani na bima inalipa. Bujiku ni mtu muungwana, akamwachia ng'ombe wanne kwa ahadi. Baba Mkubwa akawaswaga mpaka kwa Mzee Lutengano akawataja mbele ya ukoo wake wote: mweusi wa pembe pana, mwekundu mwenye baka, wale wawili wa kijivu. Kwetu ng'ombe akishatajwa rangi yake mbele ya wakwe, humwiti tena wako. Mzee alipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwepo, Isakwisa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na nilijua vidole vyako viwili vingalipo, nikanyamaza, kwa sababu nilimwona Baba Mkubwa amekaa kwenye kiti anatabasamu, na tangu baba afe sijamwona akitabasamu hivyo.

Kwa hiyo sasa mkono wako umeshalipa mahari, na bado uko mwilini mwako. Ndilo analokuja kulisema. Hatalisema kwa ukatili. Atakaa kwenye benchi na kofia magotini, atakuuliza daktari anasemaje, na utamwonea huruma. Nakujua.

Sikiliza niliyofanya mimi. Jana hiyohiyo, nikiwa na barua yako kifuani, nilikwenda mjini ofisi ya bima. Nilimkuta karani kijana, mpole. Nikamuuliza kama mtu anaweza kukatwa kwa hiari kisha akalipwa. Aliweka kalamu chini. Akasema wanalipa kilichopotezwa na ajali, si alichojiondolea mtu. Akasema itategemea daktari ataandika nini. Kisha akaniuliza, mama, ni nani huyo? Nikasema simjui, nikatoka. Nimemkana ndugu yangu mchana kweupe kwenye ofisi ya serikali.

Sekela alikuja Jumapili baada ya ibada. Hakuuliza bima wala ng'ombe. Aliuliza kama unalala.

Nakuomba. Ng'ombe watarudi au hawatarudi, Mzee atakasirika au hatakasirika, Baba Mkubwa ataona aibu na aibu haiui. Lakini ukikata kwa ajili yetu, mimi nitakuwa nakula mkono wako kila siku ya maisha yangu. Usikate kwa ajili yetu. Kama daktari anasema mkono unaoza, kata. Kama hauozi, rudi nyumbani nao.

Dereva anapiga honi.

Tupokigwe


Igawilo, Mbeya,
31 Agosti 1975

Isakwisa,

Ijumaa imepita. Leo Jumapili. Sikwenda kanisani, nimekwenda stendi. Mabasi yote ya Iringa nimeyapokea mimi, makondakta sasa wananipa pole kabla sijauliza.

Mama anasuka mkeka, anaufumua, anausuka. Kila nikirudi ananitazama mikono kama nimeshika barua. Sijui kama namwandikia mtu mwenye mkono au asiye nao. Vyovyote ulivyo, hii ni ya kwako. Andika.

Tupokigwe


Kihesa, Iringa,
1 Septemba 1975

Dada Tupokigwe,

Ndaga. Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo kabla hata ya kumsalimu mama, maana najua hamjalala. Msalimie sasa. Yudith ndiye anayeandika kama kawaida, na maneno ni yangu yote, hata yale ambayo yangemfaa mtu mwingine.

Kondakta wako ni mtu wa ajabu. Baba Mkubwa ameshuka, nimempokea mfuko, tunasalimiana, kondakta ananipenyezea barua mbele yake. Baba Mkubwa akauliza, "Hiyo ya nani?" Nikasema ya dada. "Anasemaje?" Nikasema anasalimu. Akasema, "Na mimi nimekaa na hizo salamu safari nzima kumbe."

Alikaa kama ulivyosema. Benchi, kofia magotini. Hakuniambia kata. Alinieleza ng'ombe mmoja mmoja, pembe zake, mwendo wake, jinsi yule mweusi alivyokataa kuvuka mto. Alinieleza vigelegele. Kisha akaniuliza daktari anasemaje. Nikamwambia Ijumaa. Akasema, "Basi Mungu ameshapanga, mwanangu." Na nilikuwa nimeshaisoma barua yako, dada, nimeisoma mara nyingi chooni kwa Sedekia, na bado Ijumaa asubuhi nilitangulia mbele yake kwenda hospitali. Nilikuonea huruma wewe. Nilimwonea huruma yeye zaidi. Nilijiambia, mkono wenyewe hauna kazi, anayepata hasara ni nani?

Tulipofika walinifungua bendeji ili wanioshe, hawakunifunga tena kwa kuwa ningekatwa. Nesi akanipeleka chumba kidogo, akasema vua shati, akageuka kutafuta kitu kabatini. Nikavua. Akili yangu yote ilikuwa mlango wa pili, nasikia vyuma vinagongana kwenye sinia. Nilipofika kifungo cha tatu nikatazama chini.

Ni mkono wa kulia uliokuwa unavifungua. Tangu Juni sijafunga wala kufungua kifungo, Sedekia ndiye mke wangu wa vifungo. (Yudith amecheka hapa.) Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika suruali. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma, kile cha mwisho kinavuta, kifungo kinatoka. Hakuna aliyeutuma. Ulikuwa umezoea kuvua shati, ukavua.

Nikasimama na shati nusu wazi. Nesi akasema, "Haraka kaka, daktari anangoja." Nikaanza kuvifunga. Kuvifunga ni kazi kuliko kufungua, iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na nesi alitaka kunisaidia nikamwambia aniache. Nilivifunga vyote, hata cha shingoni ambacho huwa sikifungi. Kisha nikaenda kwa daktari nikamwonyesha kola. Nikamwambia, huwezi kuandika kwamba hauna kazi. Aliangalia kola, akaangalia mkono, akavua glovu zake. Alinipiga begani, na nilimwona amepumua.

Nje Baba Mkubwa alikuwa amesimama. "Wamemaliza?" Nikasema hawajaanza. "Wataanza lini?" Nikasema hawataanza. Alikaa tena. Akasema, "Ng'ombe zimeshafika, mwanangu. Zimeshatajwa." Nikamwambia ng'ombe wana miguu minne, watarudi walikotoka, huu hauna miguu. Nilisema kwa sauti, dada, mbele ya wagonjwa, na sijawahi kumpandishia sauti tangu nizaliwe. Alivaa kofia. Tukatembea mpaka Kihesa yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima hakugeuka. Nilijua nimempoteza. Nilijua pia Sekela huenda nimempoteza, na kazi sina, na watu wa bima watanilipa kwa vidole vitatu tu.

Jioni Yudith alipika ugali na maharage. Mimi huwa nakula pembeni na kijiko, mkono wa kushoto, nawapa mgongo, kwa sababu sijaweza kutia ule mkono kwenye sahani ya watu. Nikachukua kijiko changu. Baba Mkubwa akasema, "Njoo hapa." Nikaenda. Birika na beseni vilikuwa karibu yake, vikimsubiri mdogo amnawishe mkubwa kama ilivyo desturi, nami nikainama nishike birika kwa kushoto. Akaniwahi. Alilishika yeye. Mzee yule, dada, ambaye hajawahi kumnawisha hata mchungaji.

"Lete huo," akasema.

Nikauleta. Akamimina maji polepole, yalikuwa ya moto. Akaupitishia vidole vyake vyote vitano, pale palipo na mshono na pale pasipo na kitu, akaukausha kwa shuka lake. Hakugeuza macho pembeni. Kisha akausogeza kwenye sahani, mbele ya wote, akauacha pale, akaanza kula. Tukala.

Leo ameondoka na basi la asubuhi. Atashukia Usangu kuonana na Bujiku kwanza, halafu aende kwa Mzee Lutengano akawatoe ng'ombe mwenyewe, kwa mdomo wake uleule uliowataja. Ameniambia hatatuma mtu. Akifika, dada, mpe kiti.

Mdogo wako,
Isakwisa